Chokaa ndani ya sainasi na pua inayoziba upande mmoja tu: uzi kwa wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mwalimu wa Kikuyu, Dodoma mjini (mleta uzi)

Ndugu zangu, mwaka jana nilikabidhiwa majibu ya CT-Scan ya kichwa yaliyoandikwa kwa Kiingereza, na kijana aliyenikabidhi, kwa nia njema kabisa, akanifasiria akiwa amesimama mlangoni: "Mama, una uvimbe wenye chokaa kwenye sainasi ya kulia." Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua. Ilinichukua wiki tatu kumfikia daktari bingwa wa masikio, pua na koo, na katika wiki hizo nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni shamba la Mvumi linabaki kwa nani na lile la zabibu linakwenda kwa nani. Naleta uzi huu kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa na maana niliyoipa.

Shida ya kwanza ilikuwa ya lugha. Aliyejigonga kidole ana uvimbe, aliyevimba utando wa pua kwa mafua ana uvimbe, na mwenye saratani naye tunasema ana uvimbe. Katika karatasi yangu mambo yalikuwa mawili tofauti: utando wa ndani ya sainasi ulikuwa umevimba kwa muda mrefu, na katikati ya tundu palikuwa na bonge lenye madoa meupe ya chokaa. Hakuna mahali palipoandikwa saratani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na bado neno moja lilinilaza macho usiku ishirini na moja.

Sasa historia yenyewe. Kwa miaka minne tundu langu la kulia lilikuwa likiziba, likitoa kamasi zito la manjano, na shavu la upande huo lilikuwa zito kama lililopigwa ganzi ambayo haijaisha. Lililonisumbua zaidi ni harufu: nilisikia uvundo ndani ya pua yangu mwenyewe ambao waliokaa karibu nami hawakuusikia, hata nikaanza kunusa nguo zangu kabla ya kuingia darasani. Kila nilipokwenda kutibiwa jibu lilikuwa moja, kwamba ni vumbi la Dodoma na mzio, na nikapewa antibayotiki. Daftari langu linaonyesha dozi kumi na moja. Kila dozi ilinipa nafuu ya siku kumi hivi, kisha mambo yakarudi palepale.

Siwalaumu moja kwa moja walionijibu hivyo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka Novemba. Tangu Serikali ihamie huku na ujenzi uanze pande za Ihumwa na Mtumba, hata sisi tuliozaliwa hapa tunapiga chafya kama wageni. Vumbi na mzio ni sababu halali za pua kuvimba. Ila vumbi halichagui tundu. Mtu anayevuta vumbi analivuta kwa matundu yote mawili, na mzio humshika pande zote mbili, lakini ugonjwa wangu ulikaa kulia kwa miaka minne bila kuvuka mpaka. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza ni upande gani unaoziba, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kusema.

Bingwa aliuliza hilo kwanza. Swali lake la pili lilinishangaza: je, niliwahi kutibiwa gego la juu upande wa kulia? Niliwahi, miaka mingi iliyopita. Mzizi ulisafishwa na kuzibwa badala ya jino kung'olewa. Akanionyesha kwenye picha jinsi mizizi ya magego ya juu inavyokaribia sakafu ya sainasi ya shavu, kiasi kwamba kwa baadhi ya watu hutenganishwa na mfupa mwembamba kama ganda la yai. Dawa ya kuzibia mzizi ikisukumwa kupita kiasi huweza kuingia ndani ya sainasi, na ile yenye oksidi ya zinki imehusishwa na kuota kwa kuvu humo.

Maelezo yake kuhusu umbo la sainasi ndiyo yaliyonifungua akili. Sainasi ziko jozi nne: za mashavu, za paji la uso, zile ndogondogo zilizo katikati ya macho, na zile za nyuma kabisa chini ya ubongo. Ya shavu ndiyo kubwa zaidi, huchukua kama mililita 15 kwa mtu mzima, na mlango wake hauko chini bali juu, karibu na dari. Fikirini kibuyu kilichosimama wima: kilichomo hakimwagiki chenyewe. Ute husukumwa kupanda juu na vinyweleo vidogo sana vinavyopiga makasia usiku na mchana, kisha hutokea puani. Utando ukivimba na mlango ukaziba, au vinyweleo vikaharibiwa na maambukizi, kilichomo hubaki humohumo. Mbegu za kuvu tunazozivuta kila siku bila madhara zinapata chumba chenye giza, joto na unyevu, zinaota, zinasokotana, na hatimaye madini ya kalsiamu yanatuama katikati ya bonge hilo. Hiyo ndiyo chokaa niliyosomewa mlangoni.

Nilifanyiwa upasuaji kwa nusu kaputi, kwa kamera nyembamba iliyopitishwa puani, bila kuchanwa usoni. Mlango wa sainasi ulipanuliwa na bonge likatolewa vipandevipande. Nilionyeshwa kwenye kikopo: rangi ya kahawia na kijani, laini kama siagi ya karanga iliyoangukia mchangani. Maabara ilithibitisha kwamba ni kuvu lililokaa juu ya utando bila kuingia ndani ya nyama, na kwa sababu hiyo sikupewa dawa yoyote ya kuua kuvu. Nilipewa chumvi ya kusafishia pua na tarehe za kurudi. Harufu ile ilikoma wiki hiyohiyo.

Karibuni kwa maswali. Mimi si daktari. Nitajibu niliyoyapitia, na wataalamu watanirekebisha.

Mkulima wa Hombolo

Pole sana Mwalimu, na asante kwa kuandika kwa kirefu. Nina maswali mawili. Maji ya visima vya huku kwetu yana chumvi kiasi kwamba birika likikaa miezi miwili linajenga ganda jeupe ndani. Je, si maji hayo yanayotujengea chokaa puani? Pili, mke wangu aliambiwa na jirani aache maziwa na dagaa kwa sababu picha yake ilionyesha kalsiamu kwenye sainasi. Ni sahihi?

Mwalimu wa Kikuyu

Mkuu, nilimuuliza bingwa swali hilohilo la birika, akacheka na kusema kila mgonjwa wa Dodoma humuuliza. Chokaa ya ndani ya sainasi haitoki kwenye maji tunayokunywa wala kwenye chakula. Inatokana na chumvi zilizomo ndani ya ute na majimaji ya mwili wenyewe, ambazo hutuama juu ya kitu kilichokwama na kisichosafishwa, iwe ni kuvu, damu iliyoganda, usaha mkavu au kipande cha jino. Ukiacha maziwa, unajinyima mifupa imara, na bonge linabaki pale lilipo. Mwambie shemeji arudie dagaa wake. Cha kuuliza kwa daktari ni kitu gani kimekwama humo na kwa nini mlango umeziba.

Tabibu wa Kongwa

Nimefanya kazi ya utabibu katika wilaya hii kwa muda mrefu, na nakubaliana na Mwalimu katika jambo kuu: tunatibu pua nyingi bila kuuliza upande. Niongeze machache.

Kuvimba kwa sainasi huitwa sugu kunapodumu wiki 12 au zaidi. Dalili za msingi ni nne, nazo ni kuziba kwa pua, kamasi linalotoka mbele au kushuka kooni, maumivu au uzito usoni, na kupungua kwa uwezo wa kunusa. Mgonjwa anapaswa kuwa na angalau mbili, na mojawapo iwe kuziba au kamasi. Pamoja na hayo lazima pawe na ushahidi wa macho, ama kwa kamera ya puani ama kwa CT-Scan. Maumivu ya kichwa peke yake, bila kuziba wala kamasi, mara nyingi si sainasi, na nimewaona wengi waliotibiwa "sainasi" kwa miaka ilhali shida yao ni kipandauso.

Wagonjwa wengi wa aina hii sugu wanaumwa pande zote mbili, baadhi wakiwa na nyama za puani na wengine hawana. Hao hawahitaji antibayotiki za kurudiarudia. Wanahitaji kusafisha pua kwa maji ya chumvi na dawa ya stiroidi ya kupuliza puani kila siku kwa miezi, si kwa siku tatu. Ncha ya chupa ielekezwe nje, upande wa jicho, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, kwani huko ndiko damu hutokea. Yale matone ya kufungua pua haraka yanayouzwa kila duka la dawa yasizidi siku tano au saba. Ukiyazoea, pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe, na hapo unakuwa na magonjwa mawili.

Sasa chokaa. Eksirei ya kawaida huweza kuonyesha weupe bila kueleza ni wa nini. CT-Scan ndiyo inayosoma chokaa vizuri, na inafaa ipigwe mgonjwa akiwa hana mafua mapya, kwa kuwa hata mafua ya kawaida huzijaza sainasi na kupotosha majibu. MRI ina kazi yake, lakini bonge la kuvu humo huweza kuonekana jeusi kama hewa tupu, na asiyejihadhari akasema sainasi ni safi. Mahali chokaa ilipo panasaidia: madoa madogo katikati ya bonge huelekeza kwenye kuvu, ilhali chokaa ya pembezoni, laini kama ganda la yai, huelekeza zaidi kwenye uvimbe wa muda mrefu usio wa kuvu. Kitu kigumu chenye weupe wa mfupa kamili, hasa kwenye paji la uso, huweza kuwa osteoma, yaani mfupa ulioota mahali pasipo lazima. Huo si saratani, na mara nyingi huachwa na kuangaliwa tu. Lakini zipo nyama zinazoota upande mmoja, nyingine zenye hatari, ambazo nazo huonyesha vipande vya mfupa au chokaa. Kwa hiyo picha peke yake haimalizi kazi. Kinachotolewa kipelekwe maabara, na mgonjwa adai majibu yake.

Kwa kuwa tuko Kanda ya Kati, najua swali linalofuata: je, bonge hili lina uhusiano na sumukuvu? Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata mlipuko wa sumukuvu, na watu walipoteza maisha. Kuvu linalotoa sumu ile kwenye mahindi na karanga ni la ukoo wa aspergilasi, ukoo uleule unaosababisha mara nyingi mabonge kama la Mwalimu, ingawa aina inayopatikana zaidi kwenye mabonge ya sainasi ni nyingine. Sumukuvu huingia kwa kula na huumiza ini. Bonge la sainasi huanza kwa mbegu zilizovutwa pamoja na hewa, na ni ugonjwa mwingine. Ipo hata hivyo aina ya ugonjwa wa kuvu unaopenya taratibu kutoka sainasi kwenda kwenye jicho hata ubongo, ambayo imeandikwa sana kutoka Sudani, na hiyo husababishwa zaidi na aina ileile ya kwenye mahindi. Wanaopukuchua na kupepeta nafaka zenye ukungu wafunike pua na mdomo; hilo halina gharama.

Mzee wa Bahi

Wanangu, nimewasoma wote. Sisi tulijifukiza kwa majani tangu zamani, na mwaka 2020 nchi nzima ilijifukiza. Mimi mwenyewe ugoro unanizibua pua kila asubuhi. Kwa nini mnakimbilia kisu?

Mwalimu wa Kikuyu

Shikamoo, mzee wangu. Mvuke nami niliutumia, na sikatai kwamba hulegeza kamasi na kumpa mtu nafuu ya saa moja au mbili, mradi asijiunguze. Lakini bonge lililokwisha kujenga chokaa haliyeyuki kwa mvuke, wala antibayotiki hailifikii, kwa sababu halina mishipa ya damu ya kupeleka dawa ndani yake. Kuhusu ugoro, kinachokuzibua ni chafya, na baada ya chafya utando uliochokozwa huvimba zaidi. Ninachokiogopa kuliko vyote viwili ni yale matone ya mitishamba yanayouzwa kwamba "yanatoa uchafu wote wa sainasi". Niliyajaribu katika mwaka wa tatu. Yalitoa maji mengi kweli, yakachoma, na nikalala na damu. Yale maji hayakuwa uchafu uliokuwa umefichika. Yalikuwa ni pua yangu ikililia kuunguzwa.

Mama wa Nzuguni

Samahani kwa kuingilia, dada Mwalimu. Mimi sina shida, ila mwanangu wa kiume wa miaka mitano ana kamasi linalonuka upande wa kushoto tu, sasa ni mwezi wa tatu. Tumepewa dawa ya maji mara tatu. Shuleni wenzake wanamkimbia. Je, watoto nao hupata hilo bonge?

Tabibu wa Kongwa

Mama, kwa mtoto wa umri huo, kamasi linalonuka la upande mmoja huhesabiwa kuwa ni kitu alichokiingiza mwenyewe puani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huwa ni punje ya mahindi, shanga, karatasi, au kipande cha sponji. Kikiachwa miaka mingi, madini hukizunguka tabaka kwa tabaka kikawa jiwe la pua, na wapo watu wazima waliotolewa mawe ambayo ndani yake pamekutwa shanga ya utotoni. Miezi mitatu bado ni mapema kwa jiwe. Usimchokonoe kwa kibano wala kijiti cha pamba, kwani utakisukuma nyuma. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, na useme sentensi hii mlangoni: "Ni upande mmoja, na unanuka." Kwa wazazi wengine wanaosoma: betri ndogo ya saa ikiingia puani ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu huunguza nyama ndani ya saa chache.

Dereva wa Singida

Tabibu, nina kisukari cha miaka tisa. Pua ya kushoto imeziba wiki mbili, na tangu juzi shavu limekufa ganzi na jicho limevimba. Nilikuwa nangoja mwisho wa mwezi nipate nafasi.

Tabibu wa Kongwa

Ndugu Dereva, usingoje hata kesho asubuhi. Kwa mwenye kisukari, na kwa yeyote ambaye kinga yake imeshuka, kuvu huenda lisitulie juu ya utando kama kwa Mwalimu. Huweza kupenya kwenye mishipa ya damu na mfupa kwa siku chache. Ganzi ya shavu, jicho kuvimba, kuona viwili, au weusi ndani ya pua au kwenye kaakaa ni sababu ya kwenda hospitali kubwa leo usiku. Pima sukari, mwambie mtu akuendeshe, na kabla hujaeleza jambo jingine mtajie daktari kisukari na jicho.

Dereva wa Singida

Shemeji amewasha gari. Nitarudi hapa.

Mkulima wa Hombolo

Mungu amfikishe salama. Mwalimu, wakati tunamngoja, tuwekee kipimo cha yale maji ya chumvi unayosafishia.

Mwalimu wa Kikuyu

Mililita 240 za maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka yawe vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, na chembe ya baking soda (bikaboneti ya sodiamu) ili yasichome. Ya bomba moja kwa moja hapana, hata kama ni masafi machoni, kwa kuwa kuna viumbe visivyodhuru tumboni ambavyo puani vinaweza kuua. Inamia sinki, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, na maji yaingie tundu la juu yatokee la chini. Siku ya kwanza utadhani unazama. Chupa ioshwe na kukaushwa kila baada ya matumizi. Mimi huianika dirishani, na wajukuu wamekwisha kujua kwamba si ya kuchezea.

Mama wa Nzuguni

Nimerudi. Jana tuliwahi asubuhi, nikasema mlangoni ile sentensi ya Tabibu kama ilivyo, na tukapelekwa moja kwa moja chumba cha pua. Daktari alimulika, akaingiza kindoano chembamba, na ndani ya dakika moja kikatoka kipande cha sponji ya godoro, cheusi, chenye harufu iliyojaza chumba chote mpaka muuguzi akafungua dirisha. Hakukuwa na jiwe. Mtoto alipoulizwa aliking'oa wapi, alionyesha kwa kidole begi langu la mkononi, na nilipofika nyumbani nikatazama godoro lake upande wa ukutani: lina mashimo manne.